Nakala ya Euro Mbili

Saa tatu usiku, katika ukumbi wa zimamoto,
maana ule wa baraza paa lake linavuja,
madiwani tisa wa Vale de Urzes
wameketi na makoti yao mwilini,
na Deolinda Quaresma, karani,
anapuliza vidole kabla hajaandika:
Hoja ya censura
dhidi ya Mwenyekiti wa Kata, Bwana Belarmino Sarrico,
kwa kuuza maji ya chemchemi ya juu
kwa kiwanda cha chupa, bila kumwuliza mtu.

Kalamu ikagoma hapo.

Neno hilo alilikuta nyumbani, utotoni.
Baba yake alipanga herufi za risasi
katika gazeti la kurasa nne,
na kila Alhamisi kurasa zilirudi kutoka mjini
na mistari ya penseli ya buluu:
harusi ikapita, mgomo ukafa,
bei ya mkate ikafa,
siku moja hata hali ya hewa ilifutwa
kwa kuwa ilisema mawingu yanakusanyika.
Baba akarudi na herufi alizozing'oa
mfukoni, zikigongana kama meno.
Nini hizo, baba?
"Censura," akajibu, akaendelea na supu yake.

Neno lile lile.
Lililokuwa likiziba vinywa
leo limeletwa mezani livifungue.

Nami ninayeandika haya kwa lugha nyingine
napekua ya kwetu, sipati la kutosha.
Kukanya ni mapema mno, kosa halijazaliwa.
Kukemea, hata paka hukemewa.
Kukaripia kuna mate ndani yake.
Kulaumu mtu hulaumu peke yake, kitandani,
na mvua nayo hulaumiwa.
Kusuta ndiko kunakokaribia:
unaitwa, unasimamishwa, shahidi yupo,
ulichokitenda kinaanikwa mbele ya macho yako.
Ila kusuta hakuna karani.
Hili lina karani. Lina tarehe, lina hesabu ya mikono,
na chini ya ukurasa, nafasi ya sahihi.

Belarmino alisimama, tumbo mbele.
"Itanifukuza?" Hapana.
"Itanitoza faini?" Hapana.
"Itayarudisha maji?"
Mtu alikohoa.
"Basi ni upepo. Pigeni kura, mkalale."
Wa chama chake wakacheka, wote wawili.

Bibi Hermínia Falcato, miaka themanini na miwili,
hakusimama, magoti hayakuruhusu.
"Simfukuzi mimi. Nataka iandikwe."
Akainua mkono, ukabaki juu
hata baada ya kuhesabiwa.
Sita kwa wawili. Mmoja alikuwa chooni.

Juma zima hakuna kilichobadilika.
Malori yalishuka yamejaa, yakapanda matupu.
Mkahawani Mwenyekiti aliwalipia watu kahawa,
wakanywa, wakamshukuru, wakanyamaza
mapema kidogo kuliko zamani.

Ijumaa, dakika kumi kabla ya kufunga,
aliingia ofisini, kofia mkononi.
Mjukuu wake, alisema, anasoma sheria Coimbra.
Vitabu hivi hutunzwa muda gani?
"Daima."
Na panya je?
"Tuna paka."
Akasogea. Sauti ikashuka.
Haombi makubwa. Mstari mmoja.
Neno moja tu. Hata kwa penseli.

Deolinda alimtazama mtu huyu
aliyeuza chemchemi na akalala usingizi,
ambaye sasa hakulala kwa herufi saba,
na akasikia, mfukoni mwa marehemu,
herufi zikigongana.

Akalifungua daftari. Akapiga nakala.
Muhuri wa kwanza ulitoka hafifu,
akaugonga tena.
"Euro mbili, Mwenyekiti.
Stakabadhi utaihitaji?"